Miwani Hanifai

Mdogo wangu anaitwa Miwani tangu shule ya msingi, na hata marehemu mama alipomgombeza alimwita hivyohivyo. Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho cha kazi, limelala. Tunafanya kazi pamoja kiwanda cha sabuni. Mimi niko upakiaji, yeye yuko kwenye mapipa ya manukato, ndiye anayemimina harufu ya ndimu na waridi. Ukikaa naye chumba kimoja unatoka kama umeogeshwa bila ridhaa yako.

Lakini kazi ya moyo wake ni kwaya ya kiwanda. Anapiga kinanda na kuongoza kwa wakati mmoja, na kwa kuwa mikono yote imeshikika, anatuongoza kwa macho. Akipandisha nyusi, sauti ya kwanza wanaingia. Akikonyeza jicho la kulia, besi. Akikonyeza la kushoto, sisi wa sauti ya pili. Akifumba yote mawili, kila mtu anafunga mdomo. Wageni hudhani anatongoza kwaya nzima, sisi tulishazoea.

Siku moja alirudi kutoka kazini uso umemshuka, akakaa jikoni bila hata kufunua sufuria. Nikajua kuna jambo.

"Dada, nimesikia kwa masikio yangu mawili," akasema. "Nilikuwa nje ya mlango wa kantini. Maabara anawaambia wenzake, 'Miwani hanifai.'"

Maabara ni yule msichana wa maabara ya kiwanda, anayeimba peke yake ubeti wa kati. Mdogo wangu anampenda, na hilo kiwandani alilijua kila mtu, hata mlinzi wa getini. Alikuwa amepanga kumwambia mara tu baada ya mashindano ya kwaya za viwanda. Roho iliniuma kwelikweli. Nikamwambia ajikaze kisabuni, maana kwetu kiwandani hiyo ndiyo dawa ya kila kitu.

"Kama Miwani hamfai," akasema, "basi hatamwona tena Miwani. Nitavaa lenzi."

Nilimsindikiza kwa daktari wa macho, kwa sababu namjua mdogo wangu. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimpima mviringo wa jicho, akambandikia lenzi, akamwambia apepese, akatazama kama inacheza kidogo tu bila kukaza wala kuteleza. Kisha akaiweka kwenye ncha ya kidole chake.

"Ikikaa kama bakuli, iko sawa," akasema. "Ikitandaza kingo kama sahani, umeigeuza ndani nje. Na hii ni plastiki laini, inanyonya kama sponji. Chochote kilicho kidoleni mwako inakinywa, halafu inakinywesha jicho. Kwa hiyo unanawa kwa sabuni isiyo na manukato, unasuuza, unakausha. Usilale nazo. Jicho likiwa jekundu au likiuma, toa hapohapo."

Mdogo wangu akacheka. "Daktari, unanifundisha mimi kunawa? Mikono yangu iko ndani ya sabuni asubuhi mpaka jioni, na mshahara napewa."

Daktari akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Pole," akasema.

Nyumbani ilikuwa vita. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni, mdomo wazi kama anayelishwa, kidole kikija, jicho likikimbia. Jioni ya kuamkia mashindano akafaulu zote mbili, akatoka kifua mbele, na nilipomwambia azitoe ndipo alale, akakataa katakata.

"Nikizitoa, kuzirudisha ni kudra."

"Daktari amesema usilale nazo."

"Dada, jikaze kisabuni."

Dawa yangu mwenyewe, nikaimeza.

Asubuhi jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama nyanya. Akasema ni usingizi tu. Akapitia kiwandani kufunga pipa la ndimu, lenzi ya kushoto ikamponyoka hapo penye pipa, akaiokota, akairudisha kwa vidole vilevile. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nilimwona tu ukumbini, amevaa suti, hana miwani, anatokwa na kijasho chembamba.

Tukaanza. Akapandisha nyusi, sauti ya kwanza wakaingia vizuri. Kisha jicho la kushoto likakonyeza. Sehemu yetu katika wimbo ule ni maneno mawili tu, "Twaja, twaja." Tukayaimba. Likakonyeza tena, tukaja tena. Likashikwa na wazimu, likawa linakonyeza bila kupumzika, na sisi sauti ya pili ni watu wa utii. Tulikuja mpaka watu wa nyuma wakaanza kugeuka kutazama mlango. Besi, waliosubiri jicho la kulia, walibaki wamejaza pumzi vifuani bila pa kuitoa.

Maabara akaanza ubeti wake. Aliimba vizuri huku sisi tukizidi kumjia, na machozi yakimtiririka mdogo wangu mpaka kwenye kola. Hatimaye maumivu yakamzidi, akafumba macho yote mawili. Kwaya nzima ikanyamaza, katikati ya neno.

Hakuna aliyethubutu kuimba, kwa sababu macho ya mdogo wangu hayakufumbuka. Maabara akashuka kwenye jukwaa dogo, akaenda penye kinanda, akainama.

"Umevaa lenzi," akasema.

"Sijavaa."

"Ulilala nayo?"

Maabara hakungoja jibu. Akamshika mkono, akampeleka kwenye bomba nyuma ya jukwaa. Nikafuata, maana ni kazi ya dada kufuata. Akatoa mkobani kipande cha sabuni isiyo na harufu, akanawa, akakausha vidole, akamfungua kope akaichomoa ile lenzi kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Akaitazama kidoleni.

"Sahani," akasema. "Na inanuka ndimu."

"Umejuaje haya yote?" nikamwuliza.

"Na mimi navaa lenzi, dada, tangu chuoni. Pua yangu fupi. Hata majuzi kantini wenzangu walinivisha miwani ya mmoja wao, ikateleza mpaka kwenye chai. Nikawaambia, miwani hainifai."

Mdogo wangu akatulia tuli, jicho moja limefumba.

"Hai," akasema polepole. "Ulisema hai-nifai?"

"Ndiyo."

"Siyo ha-nifai?"

"Nani hanifai?" Maabara akauliza. Kisha akaelewa, akajiziba mdomo, mabega yakamtetemeka. Mimi nilikuwa nimeshageukia ukuta, sina mbavu. Alipotulia, akamtoa lenzi ya pili, akaichukua miwani iliyochungulia kwenye mfuko wa suti, akamvisha. Akamtazama vizuri, safari hii bila kucheka.

"Miwani ananifaa," akasema.

Mdogo wangu akaivua kwa huzuni, akamkabidhi. "Kama inakufaa, ichukue tu."

Maabara akamrudishia puani, akamvuta sikio, akamwambia humo ndani, "A. A-na-ni-faa." Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu akilia kwa macho yote mawili.

Katika mashindano tulishika mkia. Kesho yake tukarudi kwa daktari sisi watatu. Alikuta mkwaruzo kwenye kioo cha jicho, akasema angechelewa kidogo ungekuwa kidonda, na kidonda hapo huacha baka, na baka hufunika kuona. Akatoa kichupa cha dawa ya matone, akapiga marufuku lenzi. Kisha akamtazama Maabara, aliyekuwa ameshika kile kichupa tayari.

"Na wewe ni nani wake?"

Maabara akafikiri kidogo. "Mchumba wake."

"Pole," daktari akasema.

"Amesema nini?" mdogo wangu akauliza.