Hesabu ya Mihogo ya Kuruthumu

Mwaka tisini na nane mume wangu Nduwayezu alikuwa na kilo tisini na mbili, na Kasulu nzima hapakuwa na mtu aliyeona hilo kuwa kosa. Fundi cherehani mwenye kitambi anaaminika. Aliyeona kosa ni daktari aliyempima presha, akasema mwili upungue, la sivyo moyo utachoka. Nikasema kazi hiyo niachiwe mimi. Nilikuwa mhudumu wa jiko la lishe ya watoto kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na pale kalori tulizijua kama wengine wanavyoijua Baba Yetu: gramu moja ya mafuta ni kalori tisa, gramu moja ya unga ni tatu na nusu. Kutwa nzima nahangaika kuwaongezea watoto wa watu kalori, jioni narudi nyumbani kumpunguzia mtu mzima. Jambo hilo lilinikera, na hasira yangu iliishia kwenye sahani yake.

Nikampangia kalori elfu moja na mia tano kwa siku. Ugali ngumi moja, maharage yasiyoona mawese, mboga ya majani ya lengalenga kadiri apendavyo. Kila Jumamosi nilimpeleka kwa Pasikali, mnunuzi wa maharage, akapanda kwenye mizani ya magunia mbele ya watu. Watu walicheka, naye alicheka nao. Tisini na mbili, themanini na tisa, themanini na tano. Nilipita sokoni kidevu juu, utadhani mizani niliigundua mimi.

Ilipofika sabini na sita, kicheko kilikuwa kimekwisha. Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa sababu, kila mmoja alikuwa nayo tayari, na waliitaja kwa kusema “ule ugonjwa” tu. Pasikali akawa anasoma kilo kwa sauti ya chini, macho kwenye magunia. Wanawake wa kwaya waliacha kuniazima sufuria. Nikamwambia kila aliyenitazama kwamba ni mlo, nimempangia mwenyewe. Nililisema neno hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumanne moja nafua suruali yake, nikakuta mfukoni kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti, kimekunjwa vizuri na kulowa mafuta mekundu. Mjini mtu mmoja tu alifungia chakula kwenye karatasi za simenti, Kuruthumu wa Ujiji, aliyekaanga mihogo na samaki wa migebuka hatua chache kutoka kwenye cherehani ya mume wangu. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kuruthumu hakugombana. Alinieleza taratibu kwamba Nduwayezu huja asubuhi na alasiri, kila siku, tangu baada ya Pasaka. Vipande vitatu vya muhogo na mgebuka mmoja. Kisha huomba maji na kumaliza jagi zima amesimama.

Muhogo haukwambii umekunywa mafuta kiasi gani. Nikamwomba Kuruthumu tupime mawese kwa kijiko kabla hayajaingia kwenye karai, akaange vipande kumi na viwili, kisha tuyapime yaliyobaki yakishapoa. Alinishangaa, lakini alikubali. Vijiko vinane vilikuwa vimepotea, yaani viwili kwa kila vipande vitatu. Nikaongeza muhogo wenyewe, nikaongeza samaki, kila kifurushi kikakaribia kalori elfu moja. Vifurushi viwili, elfu mbili. Jumlisha elfu moja na mia tano zangu za nyumbani.

Nikarudia hesabu nyuma ya daftari langu, kisha nikairudia tena. Mtu anayekaa kwenye cherehani kutwa, akila kalori elfu tatu na mia tano, anapaswa kuvunja mizani ya Pasikali. Wangu alikuwa amepungua kilo kumi na sita. Hasira ilinitoka yote.

Kambini tulikuwa na kanuni. Mtoto anayekula na bado anakonda hatumwongezei uji, tunampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Nimewakaripia akina mama wengi kwa kuchelewa siku mbili. Mimi nilichelewa wiki tatu.

Niliogopa. Kwenda kwa daktari ni kwenda kutajiwa jina la kitu, na kama yeye anacho, ninacho na mimi, na binti yetu Jeanne yuko kidato cha pili. Nikaendelea kupika ugali wa ngumi moja. Kila asubuhi niliona sisimizi wamejipanga nyuma ya migomba, pale alipokwenda kukojoa, nikawamwagia majivu. Pumzi yake ikaanza kunuka ndizi mbivu. Nikajiambia anakunywa urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, na karibu nifurahi, maana mume mlevi ni shida ya kawaida.

Jumapili mchana alirudi kutoka kanisani akaketi kizingitini, akashindwa kuinuka. Nikaileta ile karatasi, nikamwekea magotini.

“Baba Jeanne, kwa nini ulinificha?”

Ulimi wake ulikuwa mkavu, maneno yakawa yanakwama.

“Kula tu nisingekuficha. Niliogopa utapiga hesabu.” Akapumua. “Nakula, Mama Jeanne. Nakula na bado naisha.”

Pasikali ndiye aliyembeba mikononi mpaka kwenye pikapu yake, juu ya magunia ya maharage. Tulipofika hospitali ya Kabanga alikuwa amelala usingizi ambao kuitwa hakukuweza kuuvunja. Walimpima damu na mkojo. Daktari akatoka, akaniambia ni kisukari. Nikamuuliza kama hakuna kingine, nikamuuliza tena, akasema hakuna, damu yake haina kingine. Nikamweleza habari ya sisimizi na ya harufu ya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema dawa ya sindano ipo na watu wanaishi nayo miaka mingi, ila huyu ameletwa akiwa amekwenda mbali.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikimbia kitandani nikamwinamia sikioni.

“Ni sukari tu, Baba Jeanne. Sio ule ugonjwa. Ni sukari.”

Nilirudia mpaka muuguzi akanishika bega. Nilirudia asubuhi yake pia, nikimsugua vidole vilivyokuwa bado na alama za sindano ya kushonea. Hakufumbua macho. Alikufa Jumatatu hiyo saa nane mchana, akiwa bado anaogopa kitu ambacho hakuwa nacho.