Nafasi ya Miguu

Karani wa kaunta ya uwanja wa ndege alipima sanduku la Fundi Cherehani, akalifunga lebo, kisha akasoma tiketi kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za dobi.

"Nafasi ya miguu: hakuna." Akanyoosha mkono. "Lete miguu, mama."

Fundi aliketi, akavua viatu kwanza kwa adabu, halafu akavua miguu. Ilitoka bila shida, kama mto kwenye foronya. Kwa miaka thelathini miguu hiyo ilikuwa ikikanyaga pedeli ya cherehani, na kisigino cha kulia kilikuwa na kovu la sindano. Ndiyo iliyomsomesha mwanawe wa pekee, akafika ng'ambo, akapata uwezo wa kumtumia mama yake tiketi ya namna hii.

"Iangalieni vizuri," Fundi alisema. "Ndiyo kazi yangu hiyo."

"Kila mtu husema hivyo," karani akajibu, akaifunga lebo.

Alibebwa hadi safu ya arobaini na moja, akapachikwa katikati ya wenzake wawili wasio na miguu. Tusimsingizie mtu, starehe ilikuwepo: magoti hayakuuma hata kidogo. Ndege ilipotulia angani, mhudumu alisimama akasoma mawaidha ya safari ndefu. Kunyweni maji. Legezeni viatu. Zungusheni vifundo vya miguu. Kila baada ya saa moja inukeni mtembee, damu isigande. Abiria wa nyuma walimsikiliza mpaka mwisho, na wengine wakapiga makofi. Kwa saa kumi na tatu hakuna aliyeinuka.

Walipotua, kila mtu aliokota miguu yake kwenye mkanda wa mizigo, akaivaa, akaenda zake. Sanduku la Fundi lilikuja. Miguu haikuja. Mwanawe alimkuta ameketi juu ya toroli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Miguu yangu siioni."

Hapo ndipo alipotokea Bosi, abiria wa kiti cha mbele kabisa, kitambi kikimtangulia na kandambili za ndege zikimfuata. Mpagazi alikuwa akimsukumia mabegi. Juu ya mabegi, ndani ya blanketi, miguu miwili ilikuwa ikikanyaga: kidole, kisigino, kidole, kisigino, kama inamalizia pindo.

"Hiyo ni yangu," Fundi alisema. "Tazama kovu la kisigino."

Bosi alifunua blanketi, akatazama. Hakuwa mtu wa kubishana na ukweli.

"Kovu lipo," alikubali. "Linakwaruza kidogo, lakini nimeshalizoea. Nilipewa niegeshee miguu yangu. Mama, nimelala usingizi wa pono! Na inavyotikisika hivi, unabembelezwa kama mtoto. Ilikuja na kiti."

Karani wa mizigo alifungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akageuza kurasa mbili.

"Kilichokuja na kiti ni cha mwenye kiti," alisema. Akampa Fundi fomu yenye swali moja: Je, ulisafiri kwa starehe?

Fundi alimgeukia mwanawe. Mwanawe alikuwa ameinama, akinyoosha tai.

"Mama, achana naye," alinong'ona. "Yule ni mtu mzito, huenda kesho nikamhitaji. Usinitie aibu."

Kisha akamfungulia Bosi mlango, akamtakia siku njema. Miguu ilipakiwa kwenye gari jeusi, ingali inakanyaga. Fundi aliitazama mpaka gari likakata kona. Hapo aligundua kwamba anamdharau mwanawe, na hakuona haja ya kujilaumu.

"Angalau wakati wa kurudi hutasumbuliwa kaunta," mwana alisema kwa uchangamfu. "Huna cha kuvua."

Fundi aliitazama miguu ya mwanawe, mirefu, ndani ya suruali iliyopigwa pasi.

"Mwanangu, siku hizi unasimama kwa miguu yako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Mwaka wa sita huu, simtegemei mtu."

"Basi sukuma," alisema mama yake.