Barua Nane za Gidion

Mimi sipendi makorokoro. Nyumbani kwangu Kiseke sufuria likitoboka halilali ndani, na mume wangu anajua kwamba shati lake likichanika aliokoe mapema. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwaka 1999, kompyuta ya ofisi yangu ya kupiga chapa pale sokoni Mkuyuni ilipoandika kwamba diski imejaa, nilifurahi kupata cha kufagia.

Chanzo nilikijua. Programu ya kufungulia intaneti na barua pepe (neno kivinjari lilikuwa halijatufikia) nilikuwa nimeisasisha kwa mara ya tatu, kwa CD iliyotoka Dar. Kila toleo jipya lilijiwekea folda yake na kuliacha la zamani palepale. Matoleo matatu yaliyostaafu yalikaa tu, yanakula nafasi. Nikayafuta yote, nikamwaga na pipa la taka. Mashine ikawa nyepesi, nikajipongeza kwa chai.

Majuto ni mjukuu, na wangu alifika saa nne na beseni la dagaa kichwani. Alikuwa Mama Agutu, mjane wa Kijaluo kutoka mwambao wa Mara, anayeuza dagaa sokoni hapo. Kusoma hajui. Mwanawe Gidion, aliyekuwa masomoni India, alikuwa amemwandikia barua pepe nane kwa anwani ya ofisi yangu, na tangu Pasaka alikuwa kimya. Kila Alhamisi mama alikuja nimsomee zilezile nane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Wilhelmina. Haya, anza na ya kwanza."

Nikafungua. Sanduku la barua lilikuwa tupu. Kumbe barua zilihifadhiwa ndani ya folda ya toleo la kwanza kabisa, na matoleo yaliyofuata yakawa yanazichungulia humohumo. Nami nilikuwa nimeifuta. Hata kampuni ya intaneti kule Dar haikuweka nakala ya barua ikishapokelewa.

Nikamwambia, sikumzungusha. Akatua beseni, akakaa kwenye benchi, akafikiri.

"Basi andika," akasema. "Mimi ninazo zote kichwani. Akirudi nitamwonyesha kwamba sikupoteza hata neno lake moja."

Akafumba macho, akaanza. "Mama yangu mpendwa, nakusalimu wewe, na shangazi Rozina, na majirani wote wa sokoni, na wenzetu wa kanisani. Mguu wako unaendeleaje? Usibebe mzigo mzito kabla haujapona..."

Niliandika mistari minne, vidole vikagoma. Maneno yale hayakuwa ya Gidion. Kijana yule aliandika kwa mkato kama telegramu, bila salamu, na kwetu barua isiyo na salamu ni tusi. Nisingeweza kumsomea mama wa watu tusi. Kwa hiyo tangu barua ya kwanza nilimtangulizia salamu mwenyewe, nikawa nazinogesha kila Alhamisi. Niliona aibu, tena aibu ya mtu mzima.

"Mama, hizo salamu nilizitunga mimi."

Akafumbua macho. "Na mguu?"

"Na mguu."

Wauza nyanya walikuwa wakigombana nje. Alisubiri wanyamaze.

"Yake yeye yalikuwa yapi?"

Nikatafuta kichwani. Barua nane, miezi mitano, na sikumbuki. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mapambo yangu. Ikanijia moja tu.

"Aliandika hivi: 'Mvua kubwa huku. Viatu vimeoza. Nimepata vingine. Gidion.'"

Nilidhani atalia, au atanitukana, na ningestahili.

"Yaache hayo mengine," akasema. "Andika hiyo."

Nikaiandika, nikamsomea. Akainuka, akaja kusimama nyuma yangu, akaweka kidole kwenye kioo juu ya maneno yale manane, asijue lipi ni lipi.

"Viatu vimeoza," akasema polepole. "Ehe. Huyu ni Gidion. Soma tena."