Rangi ya Dalia ya Bariki

Mume wangu Bariki aliniachia dalia moja na siri moja. Dalia yenyewe ilikuwa kiazi kidogo kama kidole, alichopewa na mke wa mzungu aliyemfanyia kazi ya bustani pale Arusha, mwaka ule vita vya Hitla vilipokwisha. Siri ilikuwa rangi ya ua lake. Kila nilipomuuliza alicheka tu. "Panda, Magdalena, utajionea mwenyewe." Miezi miwili baadaye kichomi kikamchukua. Nikajiambia basi, kuna neno moja Bariki bado hajanimalizia, na nitalisikia ua likichanua.

Nilianza vibaya. Sisi Wameru kila kitu tunakipanda chini ya migomba: kahawa, magimbi, maharage. Nami nikaifukia dalia humo humo kivulini. Ikarefuka, ikajaa majani, ua hata moja hakuna. Mwaka mzima ukapotea, na wa kumlaumu nilikuwa mimi.

Masika yaliyofuata nikaihamishia kando ya njia, penye jua, nikaisimikia mti wa kuegemea. Ilipofika magotini nikaikata ncha ili itoe matawi. Konokono niliwaokota kwa mkono kila asubuhi, na shinani nikazungusha majivu. Zamu yetu ya maji ya mfereji ilipofika, dalia ilikunywa kwanza, migomba ikangoja. Majirani wakasema mjane wa Bariki amepagawa na jani lisilolika. Niliwaacha waseme. Mwezi wa saba vikatokea vitumba vinne vya maua.

Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta kisiki. Shemeji yangu Solomoni, mdogo wake Bariki, alikuwa amepita na panga akitafuta majani. Ng'ombe wetu hawatoki bandani, tunawapelekea chakula humo humo, na kiangazi kikibana chochote kibichi kando ya njia ni halali yao. Nilikimbia hadi bandani kwake. Ng'ombe alikuwa anatafuna bila wasiwasi wowote. Kitumba kimoja kilikuwa kimeanguka kwenye samadi. Nikakipasua kwa ukucha, nikakuta kijani na weupe tu. Rangi ilikuwa haijafika.

Nilimwandalia Solomoni maneno ambayo mchungaji wetu asingependa kuyasikia. Lakini asubuhi, hata sijawasha moto, alikuwa mlangoni ameinamisha kichwa, mkononi ana jani la isale alilochuma kwenye uzio wa shamba lake. Kwetu anayekuja kuomba msamaha na isale hakataliwi. Ukimkataa, mkosaji unakuwa wewe, na ukoo mzima utakugeukia. Yeye kachuma jani, kamaliza. Mimi hasira yangu niipeleke wapi?

Nililipokea. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimefukua kidogo pale shinani nikakuta viazi vizima. Dalia ingechipua tena mvua za vuli zikianza. Ningengoja, maana kungoja nilikuwa nimeshazoea. Nikamkaribisha Solomoni ndani, nikawasha moto, nikampikia ndizi.

Alikula vizuri. Alipoona uso wangu bado umekunjamana, akataka kunifariji.

"Usisikitike hivyo, shemeji. Wala halikuwa ua la ajabu. Ni la njano tu, lina wekundu kidogo kwenye ncha. Kaka aliniambia."

Nikaweka mwiko chini. "Alikuambia lini?"

"Siku ile ile aliyokuja nacho kile kiazi. Tulikuwa kwangu, tunakunywa pombe ya ndizi."

Njano, na wekundu kwenye ncha. Miaka miwili ya kuchota maji na kuokota konokono, na mtu amenimalizia neno la Bariki mdomo wake ukiwa na chakula. Na Bariki naye, aliyenificha mimi mkewe, kumbe alikuwa amekwisha kumsimulia ndugu yake kwenye pombe. Nilimkasirikia hata yeye, kule aliko.

"Hilo la kukata nimekusamehe," nikamwambia Solomoni. "Sasa nenda ukachume isale jingine."

Akacheka, akidhani namtania. Aliponitazama vizuri akaacha kucheka, akainuka, akaenda hadi mlangoni. Pale akageuka.

"La kosa gani tena, shemeji?"

Nikaokota mwiko, nikaunyoosha kuelekea shambani kwake.