Huyo wa Kwenye Kioo

Mkono wa Kindness, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ulikuwa mbishi. Kioo kidogo cha mdomoni kilimwonyesha gego la juu vizuri tu, lakini akitaka kupeleka mashine ya kutoboa jino ndani, mkono unakwenda nje. Mwisho anakata tamaa, anapinda shingo na kuchungulia moja kwa moja kinywani mwa mgonjwa wa plastiki. Hapo ndipo Daktari Theodory, mwalimu wao, hugonga meza.

“Shingo, Kindness! Ukitibu hivyo, mgongo utakwisha kabla hujazeeka. Tazama kioo.”

Mtihani huu alishaufeli mara moja. Leo akifeli tena anarudia mwaka, wenzake waende kuona wagonjwa wa kweli. 

Akaanza. Maji ya mashine yakakirukia kioo, kikafifia. Alipokifuta, akamkumbuka marehemu Babu Ndelilio.

Ilikuwa kila Jumamosi, siku ya Babu kunyolewa ndevu, kihambani kwao Machame, nyumbani katikati ya migomba. Kioo kilitundikwa kwenye nguzo ya banda la ng'ombe, mvuke wa maji moto ukikiziba, naye Kindness akikifuta kwa pindo la gauni. Mikono ya Babu ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo wembe aliushika mjukuu. Lakini asimame mbele? Thubutu! Atamziba Babu asijione, na mzee yule alijipenda huyo! Basi Kindness alisimama nyuma ya kigoda, akamnyoa kwa kutazama kioo.

“Usinitazame mimi, mjukuu wangu,” Babu alikuwa akisema. “Mtazame huyo wa kwenye kioo. Ndiye anayenyolewa, mimi nimekaa tu.”

Jamani, asubuhi zile zilikuwa tamu.

Kindness akanyoosha mgongo. Akamwacha mgonjwa wa plastiki akae zake, akashughulika na huyo wa kwenye kioo. Mkono ukatulia, ukaenda ulikotumwa.

Daktari Theodory alilikagua tundu, akalikagua tena.

“Umefaulu. Nani kakufundisha?”

“Babu yangu.”

“Kumbe naye daktari wa meno?”

Kindness alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

“Hapana, daktari. Alikuwa kibogoyo. Nilimwahidi nikimaliza chuo nitamwekea meno, ale tena nyama ya mbuzi. Akasema atasubiri.”