Mstari wa Nyuma

Dunia ilikuwa kichwa chini miguu juu, na kati ya magoti yangu niliona ukumbi mzima wa wanawake wakinitazama. Makalio juu, viganja kwenye mikeka, mashavu yamewateremkia machoni. Walikuwa wananisubiri mimi. Mimi, ambaye yoga nilikuwa naijua kwa kuisikia tu.

"Mtoto, sasa mguu gani?" alininong'oneza mama mnene wa nyuma yangu, kama vile tuko kwenye mtihani.

Aliyenipeleka ni shangazi. Anauza kwenye duka la dawa, na kutwa nzima watu wanamsimulia matumbo yao, kwa hiyo aibu alishaiacha zamani. Fungu lake nadhani nililichukua mimi, juu ya langu. Wiki ile nilikuwa nimesimama mbele ya darasa kwa mtihani wa kuzungumza, nikafungua mdomo, pumzi ikakatika. Siyo maneno. Maneno nilikuwa nayo yote. Pumzi ndiyo iliyogoma, ikabaki kooni kama mtu aliyekwama mlangoni na godoro. Mwalimu akaniambia nikakae. Alinipa nafasi moja tu nyingine, Jumatatu. Nikishindwa, narudia darasa, na rafiki yangu wa pekee anaenda mbele bila mimi.

"Pale wanafundisha kupumua," shangazi alisema.

"Kupumua najua."

"Unajua? Mbona juzi ulitaka kufa umesimama?"

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la matairi, harufu ya mpira ilipanda nasi ngazi. Nilivaa suruali ya michezo ya shule na tisheti ya kaka inayonifika magotini. Nikachagua mkeka wa mwisho kabisa, kisigino karibu kiguse pazia. Shangazi akatandika wake kule mbele, akanigeukia.

"Tulia wewe. Hapa hakuna anayekuangalia, kila mtu ana kesi na mgongo wake."

Na kweli, mwanzoni. Mwalimu wa yoga alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Akisema nyoosheni mikono, mimi nangoja wa mbele yangu anyooshe, ndiyo naiga. Kila kitu nilikifanya kwa kuchelewa kidogo. Nikaanza kuamini nitatoka salama.

Kisha jua la jioni likaingia dirisha la mbele, likatuchoma macho.

"Jamani, tugeuke wote," mwalimu akasema. "Tuangalie ukuta wa huku."

Tukageuka. Na mstari wa nyuma ukawa wa mbele. Mbele yangu kulikuwa na pazia tu.

"Haya, inameni, mikono chini, makalio juu," mwalimu aliendelea, huku amechuchumaa kumsaidia bibi mmoja mwenye magoti mabaya. "Anayepotea amwangalie wa mbele yake."

Ndipo nikachungulia kati ya miguu yangu, nikayaona yale macho. Shangazi naye nilimwona, kule mwisho, kichwa chini, mdomo wazi. Koo likafunga. Mlango ulikuwa karibu, viatu vyangu viko palepale. Lakini nikiwakimbia hawa, waliojipinda hivi, Jumatatu kwenye ubao nitafikaje?

Magoti yakaamua yenyewe. Yakagusa chini, nikakalia visigino, paji la uso likaenda mkekani, nikajifunika kichwa kwa mikono. Sikuwa nafanya yoga. Nilikuwa najificha.

Nyuma yangu nikasikia magoti yakitua. Moja, jingine, halafu mengi kwa mpigo.

"Afadhali," mama mnene akaguna.

Wote walikuwa wamejikunja kama mimi. Nikangoja mwalimu acheke.

"Vizuri," alisema kutoka kule kwa bibi. "Tubaki hapo. Pumueni mpaka mgongoni."

Sikujua kwamba mgongo nao unapumua. Nikajaribu, maana sikuwa na lingine la kufanya. Tisheti ya kaka ikapanda, ikashuka. Wengine pua zao zilipiga mluzi. Sijui koo langu lilifunguka saa ngapi, halikuniaga.

Jumatatu nilizungumza mpaka nikafika mwisho, tukaenda mbele wote wawili, mimi na rafiki yangu. Watu wakiniuliza, huwa nawaambia hilo. Ila mimi mwenyewe nikiwa peke yangu nakumbuka pale sakafuni, mwalimu aliposema, "Mkiwa tayari, inukeni," na hakuna aliyeinuka. Nikangoja. Nao wananingoja.

"Mtoto," mama mnene akanong'ona, "magoti yangu yanakufa huku."

Nikavuta pumzi, ikashuka mpaka chini kabisa. Nikaweka viganja mkekani, nikainuka.