Mayai Chini ya Sakafu

Jumatatu, katika mierebi ya bonde la Qu'Appelle, Orysia alikuta mayai matatu kwenye kiota cha ndege wa manjano. Jumatano yalikuwa manne, moja kubwa kupita mengine. Ijumaa, ndege alipotoka, Orysia hakuona hata moja, ila ndege alirudi akatulia humo kama kawaida.

"Dada, huyu analalia nini?"

"Umekosea kichaka wewe," Pavlina alimcheka. "Miwani iko wapi?"

Ndege aliporuka, Orysia aliingiza kidole. Kiota kilikuwa kimetandikwa upya, na chini ya matandiko akapapasa mayai manne, ya baridi.

"Kumbe kalifukia lile kubwa, la ndege mgeni anayetagia viota vya wenzake," Pavlina akasema.

"Na ya kwake je?"

Ndege akarudi na sufi mdomoni, akaendelea kutandika. Orysia hakujua amhurumie au amwogope.